Muulize Anti wa Karakana: Binti anataka kuchomelea, mama anamtaka kwenye cherehani

Kuchele wanangu! Tangu ile nane Machi, siku ya wanawake, ipite simu yangu haipumui, na ajabu mwezi huu wengi hamjauliza habari za waume wala mawifi, mmeuliza kazi, mashine, mishahara, vyeti, basi nimeona yale ya mapenzi yakae pembeni kidogo tuongee ufundi. Wengine mmenitumia maswali marefu kama hotuba nimeyapunguza, msinune.

Salaam Anti. Mimi ni mama wa Mikindani, nauza samaki wa kukaanga. Binti yangu kamaliza form four, nikajikusanyia vihela aende VETA akasome ushonaji, kumbe mwenzangu kajaza fomu ya kuchomelea vyuma! Mjomba wake amekuja juu, anasema moto wa welding unaunguza kizazi, mtoto hatazaa. Na mi mwenyewe moyo unanienda mbio. Nimkatalie au nimwache? (Mama Wasiwasi, Mikindani)

Mama Wasiwasi pole, na mjomba mpe salamu zangu, maana huku kwetu mjomba akishasema ukoo mzima unanyamaza. Mwambie hivi, ule mwanga wa kuchomelea haufiki kwenye kizazi. Unaunguza pale unapogusa, ngozi na macho, ndo maana fundi anayeacha vifungo vya shati wazi utamkuta shingo na kifua vimekuwa vyekundu vinababuka, lakini ndani ya tumbo haupenyi. Na wanaume wanaochomelea kuanzia Magomeni mpaka Chikongola hapa Mtwara wana watoto mpaka wa kugawa, sijasikia mjomba wa mtu akiwauliza habari za kizazi.

Madhara yapo sikufichi, ila siyo hayo. Kuna macho. Ukiutazama ule mwanga bila kioo mchana husikii kitu, unarudi nyumbani unakula unalala, halafu usiku wa manane unaamka macho yamejaa mchanga, machozi yanachuruzika, hata taa ya simu huwezi kuiangalia. Mafundi wetu hapo wanatafutiana vipande vya viazi na maziwa ya mama anayenyonyesha, jamani jamani, kumwaga maziwa ya mtu kwenye jicho lililoungua ni kuomba usaha. Kitambaa cha maji ya baridi, kaa gizani, asubuhi nenda hospitali. Na kinga yake ni kofia ya kuchomelea yenye kioo cheusi namba 10 au 11 kwa hizi kazi zetu za mageti na madirisha, siyo ile miwani ya jua ya mnadani ambayo nawaona mmeivaa barabarani mnachomelea huku mmejiweka kama mapedeshee.

Halafu kuna moshi, na huu ndo wa kuogopwa kweli. Mtu akichomelea bomba lenye zinki bila kuikwangua ile zinki kwanza, jioni anatetemeka, homa, viungo vinauma, anajua malaria, anaenda kupima hamna kitu, kesho yake kapona anaendelea vile vile. Ni ile zinki. Na moshi wa kila siku miaka nenda miaka rudi una mambo makubwa zaidi, mwaka 2017 watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, ya mapafu hasa. Kwa binadamu, mama, siyo kwa mabinti peke yao. Kwa hiyo achomelee mahali penye hewa, upepo umtokee ubavuni uutoe moshi pembeni, kichwa asikiinamishe juu ya ule moshi, na barakoa iwe ya kuchuja siyo vile vitambaa tulivyovaa enzi za korona. Siku akishika mimba aseme kliniki na aseme kazini, sheria ya ajira inamzuia mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya kumdhuru yeye au mtoto, na karakana haikosi kazi nyingine, kupima, kuchora, kukata vipimo, stoo.

Habari ya kuolewa mi siiwezi, naongelea hela. Cherehani siyo kazi mbaya na wapo waliosomesha watoto kwa cherehani, ila hebu tembea hapo sokoni kwenu uhesabu vibanda vya ushonaji, halafu nitafutie wasichana wanaochomelea. Lile bomba la gesi linalotoka Madimba kwenda Dar lina kilomita kama 500, upana wake inchi 36, lilizinduliwa 2015. Mabomba ya namna ile yanakuja vipande vya mita kama 12 hivi, piga hesabu mwenyewe, ni viungio kama elfu arobaini na kila kimoja kinachomelewa kwa mkono au kwa mashine inayosimamiwa na mtu, kisha wanakikagua kwa ndani kama wanavyopiga eksirei mfupa. Eksirei inaona tundu, haioni kama aliyechomelea alikuwa mke au mume. Wachomeleaji wa kazi hizo wana mtihani wao, wanauita siksi ji (6G), bomba linafungwa kwa mshazari halizungushwi, unazunguka wewe, unapiga magoti, unalala chali unachomelea cheche zinakudondokea, na ukifaulu malipo yako hayafanani na ya fundi wa mageti hata kidogo. Ule mradi wa kusindika gesi pale Likong'o ukija kuanza watu wa aina hiyo watatafutwa, sasa watatoka kwetu au tutakuwa tena nje ya geti na masufuria ya wali maharage, hilo ndo swali la kumuuliza mjomba.

Mwache aende. VETA ina daraja la kwanza, la pili na la tatu, asije akaishia la kwanza akaona kamaliza, na ada isimeze zile hela zote, bakiza za buti za usalama na glovu za ngozi za saizi yake. Glovu kubwa kupita mkono inamfanya mtu ashike ile fimbo ya kuchomelea kama ameshika mwiko wa ugali na kazi inatoka mbovu, halafu watasema si mnaona, kazi ya kiume hii.

Shikamoo Anti. Nipo Lindi mjini, karakana ya mtu binafsi, nina miaka kadhaa pale. Nakereza shafti, nafunga mota, mashine ya kusaga ikiharibika naitwa mimi. Wamekuja vijana wawili wa kiume nimewafundisha mwenyewe na sasa wanalipwa zaidi yangu. Nikamuuliza bosi akasema wenzako wana familia. Sina cheti, sina mkataba, nifanyeje? (Fundi Bila Karatasi, Lindi)

Marahaba mwanangu. "Wana familia", hilo neno nimelisikia tangu nikiwa msichana na bado linazunguka tu, kwani wewe wako umewaokota Kitunda?

Sikiliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kazini kwa jinsia, kwa ujauzito, kwa kuolewa au kutoolewa, na inamtaka mwajiri ahakikishe mwanamke na mwanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Haijasema kazi inayofanana, imesema yenye thamani sawa, kwa hiyo bosi hawezi kujitetea kwamba wale wanabeba na wewe unakereza. Na ukishaonyesha dalili za kubaguliwa, wa kuthibitisha kwamba hakubagua ni yeye.

Mkataba je? Wengi mnadhani bila karatasi huna chako, siyo kweli. Ni mwajiri anayetakiwa akupe masharti ya kazi kwa maandishi unapoanza, na mkifika kwenye mgogoro hana hayo maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye. Lakini usiende mikono mitupu. Mshahara anakutumia kwa simu? Chapisha ile taarifa ya miamala, hiyo inaonyesha tarehe, jina lake na kiasi, mwezi baada ya mwezi. Meseji za "njoo mapema kuna mota ya mteja" usizifute. Nunua daftari uandike kila kazi, tarehe, mashine gani, umefanya nini, na piga picha ya ile shafti kabla haijaenda kwa mwenyewe.

Kisha fanya cheti kwanza, ugomvi baadaye, huo ndo ushauri wangu na najua wapo watakaonipinga. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini, unajiandikisha, mtathmini anakuja anakuangalia ukifanya kazi kwa mikono yako, anakuuliza maswali, pale penye upungufu unafundishwa kidogo, unapewa cheti. Hukai darasani miaka miwili kujifunza kitu unachokifundisha wewe. Nenda ofisi yao hapo Lindi uulize awamu inayofuata, mara nyingine serikali inagharamia, mara nyingine mnachangia. Ukiwa na hicho cheti mkononi rudi kwa bosi ukaongee kwa adabu, peke yenu, siyo mbele ya wateja. Maana mtu mwenye cheti na mikono kama yako bosi anajua akiondoka leo kesho yuko kwa mshindani.

Asiposikia ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile mnayoiita CMA. Hapo angalia siku, malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa ndani ya siku 30, mengine ndani ya 60, wengi wanakaa wanalia kwa majirani mpaka siku zinapita halafu wanaanza kuomba kuongezewa muda.

Anti, nipo mwaka wa kwanza ufundi mitambo, Masasi. Mwalimu wa karakana kanambia nivue hijabu ni hatari. Kweli? (Mwanafunzi)

Hatari ni kitambaa kinachoning'inia, siyo hijabu. Mashine ya kukereza au drili ikishika ncha ya mtandio haikupi nafasi ya kusema bismillahi, inavuta. Na shifoni na hizi nailoni zinazong'aa cheche ikidondoka haziungui kama nguo, zinayeyuka zinaganda kwenye ngozi. Tafuta ile hijabu fupi ya kutumbukiza kichwani, ya pamba tupu, ichomeke yote ndani ya kola ya ovaroli, bila pini, na baibui liache chumba cha kubadilishia. Na shanga za mkononi na pete pia vua, hizo mwalimu hajazisema lakini zinakata vidole vya watu. Ukishavaa hivyo mfuate mwalimu umuonyeshe, akiendelea kukataa mpeleke kwa mkuu wa chuo taratibu tu. Ila na yeye mwambie ile tai yake anayoivaa siku za ukaguzi akisogea kwenye mashine ya kukereza ni yale yale.

Anti mambo. Kuna picha naiona kila siku ya wanawake, dada wa kizungu kafunga kitambaa chekundu kichwani anakunja mkono kuonyesha msuli. Ni nani? Na mbona kuna watu wanasema siku yenyewe ni Agosti? (Kijana wa Nachingwea)

Poa kijana, umeuliza la maana na nitakaa hapa kidogo, wa haraka mruke.

Picha ni bango la kiwandani la Marekani. Lilichorwa na J. Howard Miller kwa ajili ya kampuni ya Westinghouse, likabandikwa kwenye viwanda vyao Februari 1943, vita vya pili vimepamba moto, siku chache tu kisha likatolewa. Wakati ule karibu hakuna aliyelijua nje ya pale, umaarufu lilikuja kuupata miaka ya 1980. Lakini wanawake wenyewe walikuwepo kweli, wanaume walikwenda vitani na viwanda vya ndege na meli vikahitaji mikono, pale Richmond, California, akina mama walikuwa wanachomelea meli za mizigo usiku na mchana, wengine walikuwa hawajawahi kushika nyundo, wakafundishwa wakaweza. Hawakupewa miezi ya mashaka, kulikuwa na vita.

Sasa sehemu ambayo bango halisemi. Vita vilipoisha 1945 wengi walirudishwa nyumbani, mikono ile ile, ustadi ule ule, ila wanaume wamerudi basi. Sheria ya kulipwa sawa kule kwao imekuja 1963. Ndo maana mi sifurahi sana tukiitwa mashujaa, mtu akikuita shujaa mwulize mshahara kwanza.

Ya Agosti: tarehe 26 Agosti ni ya Marekani peke yao, siku ya usawa wa wanawake, inakumbuka mwaka 1920 katiba yao ilipothibitishwa kwamba mwanamke asinyimwe kura kwa kuwa ni mwanamke, na aliyepigania siku hiyo iwekwe kwenye kalenda ni mbunge wao Bella Abzug, ikapitishwa miaka ya 1970. Yetu na ya dunia nzima ni 8 Machi. Na hii nayo usidhani ilianzia kwenye vitenge vya sare na keki, ilitoka kwa wafanyakazi. 1910 kule Copenhagen Clara Zetkin alipendekeza iwepo siku ya wanawake ya kila mwaka, na 1917 tarehe hiyo hiyo wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd, Urusi, waliacha mashine wakatoka barabarani kudai mkate, wanaume wakawafuata, na siku chache baadaye mfalme wao akawa siyo mfalme tena. Umoja wa Mataifa wakaanza kuiadhimisha 1975. Kwa hiyo mwakani ukiona tumekaa chini ya turubai tunasikiliza hotuba masaa manne, jua mwenye siku alikuwa na mafuta ya mashine mikononi.

Anti, mke wangu ni fundi umeme kiwandani hapa Mtwara, zamu za usiku zinakuja mara kwa mara. Washkaji wananicheka kijiweni, wanasema mke wako analala wapi. Pia mshahara wake haupitishi kwangu. Nimwambie aache kazi? (Mume Mwenye Mawazo, Mtwara)

Mume Mwenye Mawazo, hao washkaji wa kijiweni saa ya kazi wanafanya nini kijiweni? Tuanzie hapo.

Zamu ya usiku kisheria ni kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi, hakikisha mkeo anaipata. Haruhusiwi kupangiwa usiku ikibaki miezi miwili ajifungue, wala miezi miwili ya kwanza baada ya kujifungua, na likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, mapacha 100. Akirudi ana saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Na wewe baba una siku zako 3, zichukue, usizipeleke kijiweni.

Kama kinachokusumbua ni usalama wa njiani saa nane za usiku hapo nakuelewa kabisa, mkazungumze na kiwanda habari ya gari la zamu au umfuate mwenyewe na pikipiki. Hilo lina heshima kuliko kumwachisha kazi.

Hela sasa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mke haki ile ile ya mume ya kumiliki mali yake, na kumtunza mke ni jukumu la mume. Muulize na sheikh wako, atakwambia hela ya mke ni ya mke, akitoa ametoa kwa hiari. Mi ninavyowajua wanawake wa huku wakiwa na chao nyumba haikosi unga, ila wakidaiwa kama wanadaiwa kodi wanaficha mpaka senti. Kaeni mpange, karo wewe, bati yeye, au vyovyote, mkiwa mmekaa mkekani siyo siku ya mshahara mlangoni. Swali lako lingine lile la simu yake, ambalo sijaliweka hapa, nimelipitia kimya kimya.

Mdogo wangu hujambo. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wabanguaji Tandahimba. Tuna mashine za kubangulia za mkono na moja ya umeme, ikiharibika tunasubiri fundi kutoka Mtwara, anakuja baada ya wiki, anabadilisha kitu kidogo anatutoza kikubwa, na korosho zinalala. Hivi mmoja wetu hawezi kujifunza? Wengi wetu tuna umri. (Bibi Mwenyekiti)

Shikamoo dada. Swali lako hili limenikuna kuliko yote ya mwezi huu.

Tangu nakua nawaona wanawake wanabangua, yale mafuta meusi ya ganda yanababua vidole, mnapaka majivu mnaendelea, mnalipwa kwa kilo. Na ukiangalia mle kiwandani nani anashika spana, nani anawasha boila, ni mwanaume. Vile viwanda vikubwa vya korosho vilivyojengwa na serikali miaka ya 1970 vingi vilikuja kufungwa, vingine vikawa maghala tu, na sababu zilikuwa nyingi siwezi kuzimaliza hapa, ila moja niliyoisikia sana kwa waliokuwa mle ni mashine kusimama zikisubiri kipuri na mtu wa kukifunga. Sasa na nyie na kimashine chenu mnarudia hadithi ile ile.

Mnaweza, na umri siyo neno. Mashine ya kubangua ya mkono haina siri, ni kisu, springi, mkono na boliti. Visu vinapoteza makali na vinakaa mbali kuliko inavyotakiwa, hapo ndo mnaona korosho zinavunjika badala ya kutoka nzima, na bei ya iliyovunjika mnaijua wenyewe. Siku huyo fundi akija msimuache peke yake mkaenda kupika. Kaeni naye wawili, mmoja anashika taa mwingine anarekodi kwa simu, muulizeni kila boliti anayoifungua, mmemlipa huyo. Ile ya umeme msiguse waya, hapo anatakiwa fundi mwenye leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, lakini mkanda, bearingi na grisi ni kazi yenu. Bearingi ikianza kulia kama panya haijafa bado, ipigeni grisi, mkiisubiri ife inaua na shafti.

Kisha chagueni mabinti wawili wa kikundi, siyo mmoja maana mmoja akiolewa Newala kaondoka nao ufundi, muwapeleke SIDO Mtwara, lile shirika la viwanda vidogo, mkaulizie mafunzo ya muda mfupi ya matengenezo. Hela ya vifaa, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri bado ipo, ilisimamishwa 2023 ikarudishwa mwaka uliofuata, asilimia 4 ni ya wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, na haina riba. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, kikundi kiwe kimesajiliwa na kina akaunti. Ila dada msiende kuandika "mtaji wa biashara" kama kila mtu, andikeni sanduku la spana, visu vya akiba, bearingi namba hii na hii, bei hizi. Karatasi yenye namba za bearingi inasomwa.

Anti nina karakana ya mageti na matrela ya pawatila hapa Ndanda. Nataka kuchukua wasichana wawili waliomaliza chuo ila naogopa, wateja wataona kazi haitakuwa imara, na mizigo wataibebaje? Nianzie wapi? (Bosi Mdogo, Ndanda)

Bosi Mdogo, kwanza hongera maana wenzako hawaulizi hata. Mteja akitia shaka mpe nyundo aupige mwenyewe ule mshono, hana la kusema. Mizigo, hata hao vijana wako hawatakiwi kubeba vile wanavyobeba, nawaona viuno vinawauma wakifika miaka arobaini, nunua mnyororo wa kunyanyulia na kitoroli, wote watafaidika.

Vifaa vya kujikinga unavitoa wewe, haumkati mtu mshahara, na ununue saizi ndogo pia usiwape ovaroli za kaka zao zinazoburuzika. Siku ya kwanza waambie vijana mbele ya hao mabinti kwamba atakayemshika mtu au kumtupia maneno machafu anaondoka siku hiyo hiyo, uwe na maana yake. Na usiwaweke kwenye kufagia na kuchemsha chai, wamesoma kuchomelea.

Ila umeuliza uanzie wapi. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2003 inataka vyoo vya wanawake na wanaume viwe mbalimbali, na nazijua karakana zetu, choo ni nyuma ya kontena. Mabinti wanashinda hawanywi maji kwenye joto lote lile ili wasipate haja, mwishowe wanaugua mkojo wanaacha kazi na nyie mnasema hawakuweza. Anza na choo. Chenye maji, na komeo la ndani, na wewe una mashine ya kuchomelea hapo, hilo komeo litakuchukua nusu saa.